Ezana, mufalme aliyetia uso wake katika zahabu

Muchukue tola moja ya zahabu, gramu 11 na kitu, sawa ile inayopimwa Misisi ao Lubichako mbele ya kushuka Baraka. Ndani ya tola ile fundi wa mufalme Ezana angetoa sarafu saba, na kidogo kingebakia. Kila moja inapima karibu gramu 1.6, na upana wake hauzidi sana ukucha wa kidole gumba. Ni kitu kidogo. Lakini katika ule udogo fundi alitia uso wa mutu, taji, masuke mawili ya ngano, jina la mufalme na jina la watu wake, vyote kwa Kigiriki, luga ambayo wafanya biashara wa Bahari Nyekundu walikuwa wanaisoma. Sarafu za ufalme wake zimepatikana mupaka Yemen na India.

Mwenye uso ule alikufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Tunaeleza maisha yake katika ukurasa huu juu wasomaji wetu wanajua zahabu wakati ingali jiwe na muchanga. Kile kinachoipata kisha kutoka mikononi mwa muchimbaji, wachache njo wanakieleza.

Aksum ni muji wa milimani, kaskazini ya inchi tunayoita leo Ethiopia, zaidi ya metre 2,000 juu ya bahari. Toka pale misafara ilikuwa inashuka mupaka Adulis, bandari ya Bahari Nyekundu, ambayo leo iko Eritrea. Pembe za tembo zilipitia pale, na pembe za kifaru, na magamba ya kobe, na watumwa, na zahabu. Katika karne ya 3, Mani, nabii mumoja wa upande wa Waajemi, alihesabu falme nne zilizokuwa kubwa kupita zote duniani: ya Waajemi, ya Roma, ya Aksum, na ya mashariki ya mbali, ambayo wengi wanafikiri ni China. Ufalme wa Afrika ulikuwa wa tatu katika hesabu yake. Kwetu watoto wanatoka masomo wakijua Kaisari na Napoléon, lakini ukiwauliza Ezana ni nani, wengi wananyamaza.

Ili kuelewa kitu alichofanya, inafaa kupitia Roma kwanza. Toka wakati wa Augusto, zahabu ya Roma ilibeba kichwa cha mutawala. Mutu wa Siria ao wa Hispania hakumuona Kaisari hata siku moja maishani, lakini alijua pua yake, shingo yake na taji lake la majani. Upande wa pili fundi aliweka muungu-muke mwenye mabawa, alama ya ushindi, ao adui aliyepiga magoti. Mutawala akianguka, mwenye kukamata kiti chake hakuchelewa: ndani ya siku kidogo uso mupya ulianza kutoka kwa wafua sarafu. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa sana. Walihesabu miaka mingi noti zenye uso wa Mobutu na kofia yake ya chui, mupaka tarehe 30/06/1998, wakati franka ilirudia na zaïre mupya 100,000 zikageuka franka 1.

Hata vile, uso katika zahabu ulikuwa na kazi nyingine kupita kujisifu. Ulikuwa ahadi juu ya uzito. Mwenye kupokea sarafu hahitaji kuipima kila mara, juu mwenye uso njo anajibu. Hapa njo tunataka wasomaji wetu wasimame kidogo. Kwetu muchimbaji anapeleka zahabu yake mezani kwa negosia, na upande wa pili wa mizani wanaweka kijiti cha kiberiti ao sarafu ya zamani. Kijiti kimelowa ama kimekauka? Ile sarafu imekulika kiasi gani? Palabre inaanzia pale, na mara nyingi mwenye njaa njo anaipoteza. Watu wa Roma na wa Aksum walijua palabre ile. Sarafu ilikuwa dawa waliyoipata.

Dawa ile haikumufikia muchimbaji mwenyewe sana. Katika milima ya Dacia, Rumania ya leo, kulipatikana ndani ya mashimo ya zahabu vibao vya mbao vilivyopakwa nta, vyenye maandishi. Kimoja ni kontra ya kazi ya mwaka 164. Mutu mumoja, Memmius mwana wa Asclepius, anajitoa kuchimba zahabu toka tarehe 20 Mei mupaka 13 Novemba kwa denari 70 na chakula. Akiacha kazi mbele ya wakati, analipa fidia kwa kila siku. Maji yakiingia shimoni na kazi kusimama, siku zile zinakatwa katika mushahara. Mutu mwingine njo aliandika kwa niaba yake, juu yeye hakujua kuandika. Denari 25 zilikuwa sarafu moja ya zahabu. Kwa hiyo Memmius alichimba karibu miezi sita kwa zahabu isiyofika sarafu tatu, na maji ya shimo yalikuwa deni lake. Katika zile sarafu kulikuwa uso wa Marko Aurelio na wa mwenzake Lusio Vero. Musomaji wa Misisi ataona haraka kama kontra ile ingeweza kuandikwa wapi tena.

Basi, karibu na mwisho wa karne ya 3, mufalme wa Aksum aliyeitwa Endubis alianza kufua sarafu zake mwenyewe, za zahabu na za madini ya feza. Kusini ya Sahara hakuna ufalme uliofanya vile mbele yake. Roma haikutawala Aksum, na hakuna mutu aliyemupa Endubis ruhusa. Alichukua kipimo cha uzito cha Warumi, akatia kichwa chake.

Ezana alizaliwa katika nyumba ile ya wafalme. Katika mawe aliyochongesha anajiita mwana wa Ella Amida. Baba alikufa wakati Ezana angali mutoto, na mama yake, malkia, alishika inchi. Pale njo habari ya vijana wawili inaingia, ambayo Rufino, padri wa Italia, aliiandika mwanzo wa karne ya 5. Mwalimu mumoja wa muji wa Tiro, Meropius, alikuwa anasafiri na vijana wawili wa jamaa yake, Frumentius na Aedesius. Katika kurudia, mashua yao ilisimama pwani kutafuta maji na chakula. Watu wa pwani walikuwa wamekasirikia Warumi kwa ajili ya mapatano yaliyovunjika, wakaua wote waliokuwa ndani. Vijana wawili walikutwa chini ya muti wanasoma masomo yao. Watu waliwahurumia, wakawapeleka kwa mufalme.

Aedesius akafanywa mwenye kumimina divai mezani. Frumentius alionekana mwenye akili, akapewa hesabu na barua za mufalme. Mufalme alipokufa, malkia aliwaomba wasiende, wamusaidie kushika inchi mupaka mutoto akomae. Ni jambo la kushangaza: mateka aliyeshikwa pwani anakuwa mutunza hazina na kumulea mufalme. Rufino hataji jina la mutoto, lakini barua moja tutakayoisema mbele inatuonyesha wazi kama mufalme wa Frumentius alikuwa Ezana.

Ezana akakomaa, akakamata ufalme karibu miaka ya 330. Sarafu zake za kwanza ni za dini ya mababu. Juu ya kichwa chake kuko mwezi mwembamba na duara ndogo. Muungu wake mukubwa alikuwa Mahrem, muungu wa vita, ambaye katika Kigiriki walimuandika Ares, na Ezana alijiita mwana wake, asiyeshindwa na adui. Namna ya zile sarafu ilitofautiana na ya Roma. Hakukuwa mushindi mwenye mabawa wala adui wa kupiga magoti. Kulikuwa mufalme pande zote mbili: upande mumoja amevaa taji refu, upande mwingine amefunga kichwa kwa kitambaa, sawa mutu wa inchi ile. Na masuke mawili yamemuzunguka kushoto na kuume. Sisi tunaona kama fundi alitaka kusema mambo mawili kwa mara moja, kwa wageni wa Adulis na kwa watu wa nyumbani. Masuke yanasema kuna chakula. Hata Katanga ya 1961, ilipofua sarafu ya zahabu ya franka 5, ilitia kichane cha ndizi.

Lakini hapana kufikiri Ezana alikuwa mutu wa ngano na amani tu. Alichongesha mawe juu ya vita vyake, na mawe yale yangali Aksum. Moja limeandikwa kwa luga tatu: Kigiriki, Kisabea cha ngambo ya bahari, na Kigeezi cha kwao. Linaeleza Wabeja walioasi kaskazini. Mufalme alituma ndugu zake wawili na jeshi. Wakarudi na wakubwa sita wa Wabeja pamoja na watu 4,400, wanaume, wanawake na watoto, ng'ombe na kondoo nyuma. Safari ilidumu miezi mine, na watu wale hawakurudia kwao: walipewa nyama, mukate na nguo, wakakalishwa katika inchi nyingine ambayo mufalme aliwachagulia. Wasomaji wetu ambao wamehama mara mbili ao tatu kati ya milima ya Fizi na pwani ya ziwa wanajua maana ya kuhesabiwa namna ile. Wanajua pia kama mwenye kuhesabu hakosi kusema alitoa chakula.

Vita vingine vilikuwa magaribi, kwenye Nile, juu ya Wanoba na watu wa Kushi. Hapa hesabu ni kavu zaidi: waliouawa 758, ndani yao wanawake na watoto 156, walioshikwa 629, ng'ombe zaidi ya 10,000, kondoo zaidi ya 51,000. Miji ikachomwa, gala za chakula na pamba zikaharibiwa. Yote yamechongwa kwa amri yake mwenyewe, kwa kujisifu.

Katika jiwe lile la pili kitu kimebadilika. Mahrem hayuko tena. Mufalme anashukuru Bwana wa mbingu, na katika jiwe lingine la Kigiriki jina la Kristo linatajwa. Kati ya vita vile viwili Ezana alikuwa Mukristo.

Ilitokea namna gani? Frumentius, Ezana alipokomaa, aliachiliwa kwenda zake. Aedesius alirudi Tiro kwa wazazi. Yeye alienda Alexandria, akamuomba askofu Atanasio atume askofu kwa Wakristo wa Aksum, wengi wao wafanya biashara. Atanasio alimuangalia, akaona mutu wa kutuma njo yeye huyu, akamuwekea mikono, akamurudisha. Wakristo wa Ethiopia wanamuita mupaka leo Abba Salama, baba wa amani, na askofu wao mukubwa aliendelea kutoka Misri mupaka karne ya 20.

Sarafu njo zilitangaza habari ile. Mwezi na duara vilitoka, musalaba ukaingia pahali pao. Sarafu za Ezana zinahesabiwa kati ya za kwanza duniani kubeba musalaba wazi namna ile. Konstantino wa Roma, ambaye makanisa yetu yanamutaja sana, alitia alama za Kikristo katika sarafu zake kwa kujificha, ndogondogo, mara moja moja. Ezana aliweka musalaba pahali ambapo kila muuzaji wa Adulis angeuona akifungua kiganja.

Tusimuvalishe utakatifu wote. Roma ilikuwa munuaji mukubwa, na Roma ilikuwa inageuka Kikristo. Mufalme mwenye akili ya biashara aliona hivyo pia. Lakini kama ni biashara tu, angefuata Roma katika yote, na hakufuata. Karibu mwaka 356, Konstansio, mwana wa Konstantino, aliandika barua kwa Ezana na ndugu yake Sazana. Aliwaita ndugu, heshima ambayo Roma haikutoa kwa kila mutu, kisha akaomba Frumentius arudishwe Alexandria kuchunguzwa imani na askofu mupya, juu Atanasio alikuwa amefukuzwa. Njo ile barua inayotaja majina yote mawili pamoja, Ezana na Frumentius. Hakuna alama yoyote kama Ezana alimutoa mutu wake. Frumentius alibaki Aksum.

Katika uzito, hapo alifuata. Konstantino alikuwa ameanzisha sarafu mupya ya zahabu, solido, 72 katika ratli moja ya Kirumi, karibu gramu 4.5 kila moja. Ilidumu katika Konstantinopoli karibu miaka 700 bila kuharibiwa sana. Hakuna feza ya leo inayoweza kusema hivyo. Sarafu za zahabu za Aksum mbele ya hapo zilipima karibu gramu 2.7. Wakati wa Ezana zikashuka kwa 1.6, karibu sehemu moja kati ya tatu za solido. Mutu anaweza kusema mufalme aliiba gramu moja nzima. Sisi hatuoni hivyo. Kipimo kikubwa cha soko kilikuwa kimebadilika, na mwenye sarafu isiyolingana na kipimo cha soko anapoteza kila siku mezani. Katika Yemen, mwaka 1989, kulipatikana chungu cha zahabu chenye sarafu zaidi ya 1,100. Zaidi ya 800 za Aksum, zingine za Roma, zimechanganyika. Mwenye kuficha chungu kile alizihesabu pamoja.

Sura ya sarafu ilikuwa na nguvu gani, Kosma njo anatueleza, mufanya biashara wa Alexandria aliyefika Adulis karne ya 6. Sopatros, Murumi aliyesafiri na watu wa Adulis, alifika Sri Lanka pamoja na mujumbe wa Waajemi. Mufalme wa kule akauliza ni nani kati ya wafalme wao aliye mukubwa. Muajemi akasifu wake sana. Sopatros akanyamaza, kisha akaomba wafalme wote wawili waletwe mbele, na akaeleza: sarafu zao. Ya Roma ilikuwa zahabu safi, yenye kulia vizuri na sura nzuri. Ya Muajemi ilikuwa ya madini ya feza. Mufalme akazigeuza huku na huku, akampa Sopatros ushindi, na Waajemi wakaona haya.

Kosma yuleyule aliandika kitu kingine, na kwetu kinapita hicho kwa uzuri. Anaeleza namna zahabu ilikuwa inafika Aksum wakati wake. Kila mwaka wa pili, mufalme alituma watu wake Sasu, kwenye mashimo ya zahabu, na wachuuzi zaidi ya 500 wakajiunga nao. Walibeba chumvi na chuma, wakafukuza ng'ombe mbele yao. Walipofika karibu, walijenga boma la miiba, wakachinja ng'ombe, wakatundika nyama juu ya miiba pamoja na chumvi na vyuma. Wenyeji wakaja na mawe madogo ya zahabu sawa mbegu za kunde. Kila mutu aliweka jiwe moja ao mawili juu ya kitu alichopenda, akasogea pembeni. Mwenye nyama akikubali, anachukua zahabu, na mwenye zahabu anachukua nyama. Asipokubali, anaacha zahabu pale pale. Mwenyeji anaongeza, ao anakamata zahabu yake anaenda. Hawakuelewana luga, na hakukuwa mwenye kutafsiri. Siku tano, soko limeisha. Kurudi walikwenda pamoja na silaha mukononi, juu ya wezi wa njia, na safari yote ilimaliza miezi sita.

Katika soko lile hakukuwa mizani, wala uso wa mufalme. Muchimbaji wa Sasu alikuwa na haki moja kubwa: kukamata jiwe lake na kuondoka nalo. Wangapi kwetu wanaweza leo, wakati PDG wa shimo amekwisha kuwakopesha chakula, na mama twangaise anangojea sehemu yake ya mawe ili watoto wale jioni? Lakini ile zahabu ikishafika Aksum, ikachomwa, ikapigwa muhuri, jina lililobaki lilikuwa moja tu. Tunajua Ezana alifunga kitambaa chake namna gani. Watu wa Sasu hatujui hata walijiita nani.

Ezana alitawala mupaka miaka ya 350 ao ya 360, na kaburi lake halijulikani kwa hakika. Kati ya nguzo kubwa za mawe za Aksum, moja yenye karibu metre 21 ingali imesimama na inaitwa kwa jina lake. Jirani yake, ya metre 24, Waitalia waliibeba Roma mwaka 1937. Ilirudishwa 2005, ikasimamishwa tena 2008.

Wafalme waliokuja nyuma yake walishika musalaba na masuke, lakini zahabu yao ilianza kuchanganywa. Ile ya Endubis ilikuwa karibu safi kabisa. Karne kwa karne usafi ulishuka, uso ungali uleule na taji lileile. Mwenye jino la kujaribu alijua. Kwa watu wa kwao, wafalme wale walifua sarafu nyingi za shaba, na katika zingine waliandika maneno ya kutaka inchi ipendezwe. Katika karne ya 7 kazi ya kufua sarafu ilisimama. Mpaka leo, mvua kubwa ikinyesha Aksum, watoto wanapita mashambani asubuhi na macho chini, na wanaokota zile ndogo za shaba.